Jezi Nayo Ifunuliwe Shavu

Mtu wa Tumbe, hapa Pemba, humuuzii samaki wa jana. Pale dikoni, kabla hajafungua kinywa kutaja bei, ameshamfunua samaki shavu kuona kama matamvua bado mekundu, ameshambonyeza ubavuni kuona kama nyama inarudi au inabaki na shimo la kidole, ameshamtazama jicho kama limetuna au limezama, na mwisho amemnusa bila haya mbele ya mwenyewe. Magamba kumeta hakumshughulishi, kwani anajua magamba humeta hata kwa maji ya ndoo. Mtu huyu huyu, jioni, pesa ya kolekole ikiwa mfukoni, hupanda gari mpaka Konde, akasimama mbele ya jezi ya Barcelona iliyotundikwa kwenye henga juu kabisa, mahali ambapo hata mkono haufiki, akaumaliza uchunguzi wake wote kwa sentensi moja: "Ami, hii orijino?" Na muuzaji, ambaye tangu nguo zianze kuuzwa duniani hajasikika akijibu hapana, humjibu alivyowajibu wengine wote. Pesa inatoka, jezi inashuka kutoka kwenye henga, na ule ujuzi wa asubuhi umebaki dikoni pamoja na mapanga na mizani.

Ninachodai ni hiki: mghushi haghushi nguo, anaghushi jicho la mnunuzi. Ana mtaji wake kama mfanyabiashara mwingine yeyote, na mtaji huo anaupeleka pale macho yanapotua: nembo ya klabu, jina la mdhamini kifuani, rangi, na ile tiketi ya kadibodi inayoning'inia kwapani, ambayo mara nyingine imetengenezwa kwa uangalifu kuliko jezi yenyewe. Macho yasipofika, anabana matumizi. Anabana kwenye mishono ya ndani, kwenye lebo ya ubavuni, kwenye uzi, kwenye gundi ya herufi na kwenye dawa ya kuishikisha rangi. Basi anayetaka kuijua jezi aipindue kwanza, ndani iwe nje, akague kile ambacho hakuna aliyemlipa mghushi akitengeneze vizuri. Zile alama tulizokua nazo hazitusaidii tena. Zama za "Adibas" na "Nkie" zimepita. Aliyekuwa akizitengeneza alikosea herufi makusudi, akitumai sheria ya alama za biashara itampita mbali, nasi tulikuwa tukimcheka huku tumezivaa. Wa leo hana woga huo. Anaandika kila neno sawasawa, mistari ya Adidas anaiweka mitatu kamili, nembo ya klabu anaipachika mahali pake. Ukimtafuta kwa makosa ya imla utarudi nyumbani na jezi feki iliyoandikwa kwa imla safi.

Imani inayosikika sana madukani ni kwamba nembo iliyotariziwa kwa uzi ndiyo orijino, na iliyobandikwa ndiyo feki. Imani hii ina ubaya wa kuwa nusu kweli, na nusu kweli imekula pesa nyingi kuliko uongo mtupu. Kampuni kubwa za jezi huuza aina mbili za jezi ileile. Ipo ya shabiki, na lipo toleo la wachezaji ambalo ni ghali zaidi. Ya shabiki mara nyingi nembo yake hutariziwa. Ya wachezaji hubandikwa kwa joto, iwe nyepesi na isimkwaruze mtu anayekimbia dakika tisini. Kwa hiyo anayeirudisha jezi kwa ghadhabu kwa kuwa nembo "imegandishwa tu" huenda amerudisha ile yenye thamani kuliko zote dukani. Toleo hilo lina tatizo lake jingine kwetu: limekatwa limbane mwanariadha, na mzee mwenye kitambi akilivaa, baraza zima litaapa ni feki, maana hakuna kiwanda chenye heshima kingemfanyia mtu mzima hivyo. Jibu liko upande wa pili wa nembo. Iliyotariziwa kihalali, ukiipindua, mgongo wake ni msafi na nyuzi zimekatwa. Ya kughushi mara nyingi imebaki na karatasi ngumu nyeupe iliyochanika ovyo na nyuzi zinazoning'inia, na mtoto akiivaa anajikuna kifua kutwa hadi bibi yake anamshuku upele. Kisha kuna lebo ndogo ya ubavuni, ile tunayoikata siku ya kwanza kwa kuwa inawasha. Juu yake Adidas huandika namba ya bidhaa, herufi na tarakimu sita kwa pamoja. Nike nao wana yao, ndefu zaidi, yenye kistari. Kila muundo una namba yake. Mghushi anayetoa jezi za klabu kumi kwa siku moja haoni sababu ya kutengeneza lebo kumi, akachapa moja akaipachika kote. Iandike namba hiyo kwenye simu uone simu itakuletea picha gani. Umeshika jezi ya Arsenal, simu inakuonyesha bukta ya Bayern Munich. Hapo hakuna haja ya kubishana na mtu, rudisha kwenye henga.

Kipimo cha pili hakitaki hata bando, nacho ni tarehe. Messi aliondoka Barcelona Agosti 2021. Spotify iliingia kifuani mwa Barcelona msimu wa 2022/23, na kabla yake, tangu 2017, palikuwa na Rakuten. Jezi yenye Spotify mbele na MESSI 10 nyuma ni jezi ambayo Messi hakuivaa hata siku moja, hata mazoezini, hata kwa kuazima. Ronaldo amekaa Manchester United mara mbili: 2003 hadi 2009, kifuani Vodafone kisha AIG, na 2021 hadi Novemba 2022, kifuani TeamViewer. Snapdragon imeingia 2024, wakati mwenyewe yuko Riyadh. Thierry Henry aliichezea Arsenal akiwa ndani ya Nike, kwanza mpaka 2007, kisha alipoazimwa miezi michache mwaka 2012. Adidas hawakurudi Arsenal hadi 2019, baada ya Puma nao kukaa miaka mitano. Sasa kichekesho chenyewe ni kwamba haya yote kijana wa Tumbe anayajua kwa moyo. Mkute maskani usiku, atakutajia nani aliuzwa kwenda wapi, kwa fedha ngapi, na nani alimwonea wivu. Akifika dukani, kumbukumbu yote hiyo inalala usingizi, anatia kichwa ndani ya jezi ambayo historia yake haikuwahi kutokea. Mbishi atasema: jina huchapwa mbali na jezi, mtu anaweza kununua jezi halali kabisa halafu akaandikisha jina la Messi, la babu yake, au la ng'ombe wake. Ni kweli, na ndiyo maana jina peke yake halihukumu kiwiliwili cha jezi. Linahukumu bei. Jezi iliyoandikwa mtaani, hata kama kitambaa chake kimetoka kiwandani kihalali, imeshaacha kuwa ile aliyoiuza klabu, na muuzaji anayedai imeshuka hivyo hivyo kutoka Ulaya, jina na yote, amejifunga mwenyewe. Zaidi ya hapo, herufi za mtaani zina tabia ya kuhama moja moja. SAKA ikikaa kwenye beseni na Foma usiku mzima, K ikadondoka, mwenye jezi anabaki na SA A mgongoni, anatembea Konde nzima watu wakimwuliza ni ngapi.

Wengi hukimbilia asili ya mzigo. Hii ya Thailand, hii ya Arabuni, hii si ya Kariakoo. Thailand inanichekesha kuliko zote. Ni kweli kwamba jezi nyingi halali za Nike na Adidas hushonwa Thailand na huandikwa hivyo kwenye lebo. Na ni kweli pia kwamba katika biashara ya jezi feki, "Thailand" limekuwa jina la daraja, yaani feki iliyoshonwa vizuri, na mara nyingi imetoka China. Jina moja sasa linafanya kazi kwa mabwana wawili, na muuzaji anapolitamka hasemi uongo wala hasemi ukweli. Ya Arabuni nayo ina heshima yake ya pekee Pemba, kwa sababu nusu ya nyumba zetu zina mjomba au shangazi Maskati, na mzigo uliofungwa na shangazi haufunguliwi kwa shaka. Lakini shangazi naye alinunua dukani, na Ghuba si nchi isiyo na feki. Mtaa wa Karama kule Dubai umejulikana miaka mingi kwa mikoba na saa za kuiga. Meli haisafishi kilichomo ndani yake. Na kama kuna mahali palipopaswa kulijua hilo ni hapa. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette, waliochimba Tumbe, wanakiweka kijiji cha kale cha hapa kati ya mwaka 600 na 950, kijiji kikubwa kilichokuwa kikisaga shanga za makombe na kupokea vyombo kutoka Ghuba. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, Irak, walikuwa wakipaka udongo wao rangi nyeupe yenye bati ili ufanane na kaure ya China, na vyombo vya namna hiyo vimefukuliwa pwani yetu, mahali paitwapo Shanga na Manda. Miaka elfu na zaidi iliyopita Arabuni ndiyo iliyokuwa ikimghushi Mchina. Biashara imegeuka upande. Mnunuzi wa pwani amebaki palepale, na sidhani kama swali lake limebadilika sana.

Atakuja mwingine aseme kwamba kampuni zimeshamaliza tatizo hili kwa stika inayometameta na ile alama ya kupiga picha kwa simu. Stika ni kitu cha nje, na cha nje ndicho mghushi anachokipenda. Yeyote anayeweza kuchapa nembo ya Real Madrid ataweza kuchapa stika. Alama ya simu nayo inanakiliwa ilivyo, ikakupeleka kwenye tovuti ya kweli ya kampuni ya kweli, ukafurahi, huku umeshika kitu cha uongo mkononi. Kwa anayeamini vyeti, nina kisa cha Marekani, ambako watu wazima hukusanya kadi za wachezaji kwa bei za nyumba. Kadi yao mashuhuri kuliko zote ni ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyotoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Moja ya kadi hizo, nzuri ajabu, kingo zake zimenyooka kama wembe, ilinunuliwa mwaka 1991 na mcheza hoki Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000. Ilikuwa kadi ya kwanza kupewa daraja na kampuni mpya ya kukagua kadi, ikapata alama 8 juu ya 10, ikafungiwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali aliyeiingiza sokoni, Bill Mastro, akakiri mbele ya mahakama ya Chicago kwamba kingo zile zilinyooka vile kwa sababu alizikata yeye. Kadi ilikuwa ya kweli; uzuri wake ndio uliokuwa wa kughushi, na kasha lenye cheti likawazuia watu wasiiguse miaka ishirini na zaidi. Wakusanyaji makini hawaanzi na cheti. Wanapiga kadi tochi kwa nyuma, wanatazama kwa kioo cha kukuza jinsi wino ulivyokaa kwa vitone vidogo vidogo, wanapima unene wa karatasi. Yaani wanaishika, wanaipindua, wanaichungulia. Sisi tuna jezi ya elfu ishirini tunaona haya kuigusa.

Haya hiyo ndiyo pingamizi kubwa, na siidharau. Pemba ni kisiwa kidogo. Muuza jezi ni jamaa, au ni jirani wa jamaa, au mmesimama safu moja Ijumaa iliyopita. Ukianza kuipindua bidhaa yake na kuichungulia mishono mbele ya watu, umemwita mwizi bila kufungua mdomo. Jibu la kwanza ni kwamba mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui. Ameletewa fungu limefungwa, kaambiwa "namba moja" na mtu wa Kariakoo au wa Darajani, naye yule kaambiwa na mwingine, na neno orijino limesafiri mkono kwa mkono bila hata mmoja kulifungua. Unapoipindua humtuhumu, unamsaidia. Jibu la pili lina uzito zaidi kwa watu wa Tumbe. Katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya ile kavu, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka iliyolowa juu watu waione. Hakuuliza kama ni orijino. Aliingiza mkono. Asiyetaka kumwona muuzaji akifedheheka ana kielelezo cha kutosha hapo. Na muuzaji mwaminifu anayemchukia mnunuzi mkaguzi anajidhuru mwenyewe, maana pasipo mkaguzi uaminifu haulipi. Mchumi George Akerlof, ambaye baadaye, 2001, alishiriki Tuzo ya Nobel, aliandika hivi mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, hulipa bei ya katikati kwa yote, mwenye zuri akaona hasara akaondoka, wakabaki wenye mabovu. Lihamishie Konde uone. Maduka mawili yamepakana, jezi zimetoka robota moja. Wa kwanza anasema, "Bwana, hii feki, elfu kumi na mbili." Wa pili anasema, "Orijino, elfu ishirini na tano, kwa kuwa ni wewe." Mteja anamshukuru wa kwanza kwa ukweli wake, anavuka mlango, ananunua kwa wa pili.

Limebaki pingamizi la wavivu, ambalo ndilo maarufu: kwani kuna nini, nguo ni nguo, na ya halali ni ghali. Hapa nakubaliana kuliko wanavyotarajia. Jezi ya shabiki ya klabu kubwa ya Uingereza inauzwa kwao zaidi ya pauni 80, yaani zaidi ya laki mbili zetu, na simlaumu mtu yeyote anayekataa kuvaa nusu ya injini ya boti. Anayenunua feki akijua ni feki, kwa bei ya feki, hana haja na mimi; shauri hilo ni kati yake na wenye nembo. Ninayemsikitikia ni aliyelipa bei ya katikati: nyingi mno kwa feki, chache mno kwa halali, nayo ndiyo bei ya kawaida dukani. Huyo ndiye hupatwa na vioja vyote. Ndiye anayeloweka jezi nyekundu pamoja na kanzu ya Ijumaa, na swala ya Ijumaa inamkuta na kanzu ya waridi, akilazimika kumweleza kila anayempa mkono. Ndiye ambaye mdhamini wake hupasuka kifuani siku ya tatu ya jua, ikabaki Fly bila Emirates, nusu ya safari. Na ukiondoka Ulaya ukaja kwetu, hoja ya ughali inapungua nguvu kabisa, maana jezi halali ya Simba au ya Yanga haiko mbali na feki yake kwa bei kama ilivyo ile ya Arsenal, na pesa ya halali inarudi kwa klabu ambayo mnunuzi huyo huyo analalamika usiku kucha kwamba haisajili mshambuliaji. Ila kwenye jezi za nyumbani tahadhari ielekee pia upande wa pili, tusihukumu ya kweli kwa pupa. Msimu wa 2022/23 Yanga ilicheza ligi na SportPesa kifuani, na kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, ililofika fainali dhidi ya USM Alger, ikavaa Haier. Wapo walioona jezi mbili za mwaka mmoja zenye wadhamini wawili wakakata shauri kwamba moja ni ya mtaani. Zote zilikuwa za Yanga. Tarehe ni shahidi mzuri, lakini naye aulizwe maswali yote mpaka amalize.

Kuna jambo moja linalopindua soko lote hili kichwa chini, nalo ni mitumba. Robota linalofunguliwa Konde limetoka kabatini mwa watu wa Ulaya, na Mzungu aliyeitoa jezi yake kwa hisani mara nyingi aliinunua kwenye duka la klabu. Kwa hiyo jezi halali ya klabu ya Ulaya unayoweza kuikuta Pemba kwa urahisi ni ile iliyochujuka, yenye doa la rangi ya ukuta na mdhamini aliyefilisika, imetupwa chini kwenye turubali pamoja na mashati ya watoto wa skuli. Na inayometa ndani ya nailoni juu ya henga ndiyo ya kutilia shaka. Mnunuzi wa jezi anairuka ya chini kwa mguu ili aifikie ya juu. Ataniambia ya chini ni chakavu, na ni kweli, lakini mishono yake imeshafuliwa miaka mitano katika mashine na haijaachia, wakati ya juu haijaonja maji hata mara moja na tayari uzi umetoka kwapani. Kama ni suala la kudumu, chakavu imeshafanya mtihani. Na mara moja moja humo ndani huweza kulala kitu cha thamani. Mbwana Samatta aliingia Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City tarehe 1 Machi, na Septemba akaenda Fenerbahçe. Alikaa Villa kwa miezi inayohesabika kwenye vidole, na msimu ule ulikuwa na jezi ya Kappa yenye W88 kifuani. Msimu uliofuata mdhamini akawa Cazoo. Maana yake jezi ya Villa yenye Cazoo na SAMATTA mgongoni, hata iwe safi namna gani, ni ya kupita nayo mbali, na ile ya Kappa yenye W88 iliyofifia, jina lake likiwa bado limeshika, ni ya kusimama. Anayejua hatasimama hivi hivi. Atainama kwenye turubali, atashika suruali ya kaki iliyo kando yake, ataulizia bei ya suruali, atailalamikia zipu, atapunguziwa, na wakati muuzaji anatafuta mfuko ndipo atakaposema, "Na hiki kifulana hiki nitilie tu humo, nikafutie baiskeli."